Bamba la Chuma la Mama Kahindo Angèle

Ndugu, majirani na marafiki mliofika, mimi Charline, kifungua mimba wake, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mama yetu. Nitasoma tu. Machozi yamekataa kuja.

Mama Kahindo Angèle alizaliwa Butembo tarehe 12 Agosti 1968. Baba yake, Anastase, alikuwa mchuuzi wa maharagwe. Mama alisoma shule ya msingi hukohuko, akaacha sekondari mwaka wa tatu, familia ilipohamia Goma.

Tarehe 7 Septemba 1991 alifunga ndoa na baba yetu, Paulin, fundi wa kuchomelea vyuma. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa mji. Mama aliajiriwa kuosha vyungu kwa waganga Wajapani waliokuja kutibu kipindupindu. Mpishi wao, muzee Morita, mzaliwa wa Hiroshima, alimfundisha vyakula vya kwao, mkoa kwa mkoa. Kulikuwa na tambi nene za Kagawa, ambazo unga wake hukandwa kwa miguu. Baba alipomkuta anakanyaga unga ndani ya mfuko wa plastiki, aliuliza kama amwite padri. Kulikuwa na samaki wa Nagasaki, wa kukaangwa na kulowekwa kwenye siki. Mama alitumia sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Na kulikuwa na chapati ya kabichi ya Hiroshima. Muzee Morita alimweleza kwamba mji wake ulipoungua vitani, watu walibaki na unga kidogo, kabichi na vipande vya chuma, wakapika juu ya chuma. Baba akamkatia mama bamba kutoka kwenye lori bovu.

Mwaka 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilichukua nyumba yetu. Bamba lilipona kwa sababu mama alikimbia nalo. Mwaka 2010 alifungua mkahawa mtaa wa Himbi, na wasafiri waliotoka kupanda Nyiragongo au kutazama sokwe upande wa Rumangabo walipita kula. Mjapani akifika, mama alisimama kando ya meza na kuuliza, "Kwenu iko vile?" Wote waliinamisha kichwa, wakasema ni tamu sana. Hilo lilimsumbua.

"Adabu yao ni mingi," alituambia. "Sijue kama napika ao nadanganya watu."

Mwisho wa 2022 vita viliwasukuma watu hadi kambi ya Kanyaruchinya. Wageni walikoma, mama akafunga mkahawa na kupeleka bamba lake kambini kupika chapati za kabichi. Siku ya kwanza muzee Niyitegeka, aliyekimbia kutoka Rutshuru, alimaliza sahani na kufuta mikono.

"Aksanti, mama. Lakini chumvi iko kidogo, na mashu hazijaiva bien."

Mama alirudi nyumbani akicheka, akatueleza kwamba kabichi yake imekosolewa. "Leo nimepata mutu." Tangu hapo hakugawa chakula kabla muzee hajaonja kwanza.

Mjapani mmoja aliyewahi kula mkahawani, Bi Haruko, alimwalika mama Hiroshima akaonje mwenyewe chapati ya huko. Safari iliwekwa Februari 2025. Mwishoni mwa Januari vita viliingia Goma na uwanja wa ndege ukafungwa. Kambi zilivunjwa. Muzee Niyitegeka alielekea kwao, na hatujasikia habari zake.

Mwezi wa Mei figo zilianza kumsumbua mama. Ugonjwa ulimwondolea ladha. Kila kitu, alisema, ni kama kulamba msumari. Aliendelea kupika, akituonjesha sisi. Mimi nilimwambia ni tamu sana. Aliniangalia.

"Na weye umekuwa Mujapani."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, alfajiri, baba akimshika mkono.

Ameacha mume wake Paulin, watoto wake Charline, Guylain, Sylvie na Jephté, wajukuu sita, na dada yake Nyota aliye Butembo.

Tukitoka hapa makaburini, karibuni nyumbani. Bamba liko motoni, na nimepika mimi. Sijui kama chumvi inatosha, kwa maana tangu Jumapili ile sisikii ladha ya kitu. Mtakaokula, tunawaomba jambo moja: msitufiche. Semeni kweli, ili mama yetu apumzike kwa amani.