Kiu ya Ukoo Wetu

Shikamooni wazee. Wenzangu, poleni na kazi za shamba. Balozi wa nyumba kumi amenipa nafasi niseme, na mke wangu amenionya nisirefushe, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja.

Nilizaliwa kambi ya mkonge, Korogwe. Tulizaliwa pacha, mama akafariki tungali wachanga. Mama mdogo akamchukua mwenzangu kwenda kumlea Dindira, kwenye chai. Mimi nikabaki na baba. Baba alikuwa mkata mkonge hodari, na mlevi hodari zaidi. Gongo, bangi, ugoro, vyote vilikuwamo nyumbani kama chumvi.

Nilipoanza kukata mkonge mwenyewe, nilivuta bangi asubuhi nipate nguvu, ugoro mchana nisahau njaa, gongo jioni nipate usingizi. Ndugu zangu, nawaambia, kimoja kilimwita mwenzake. Kambini walisema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Nami niliipenda methali hiyo maana iliniondolea lawama. Nikiulizwa, nilijibu ni damu.

Siku moja mke wangu alimkuta binti yetu, wa miaka minne, amekunja ganda la muhindi anajifanya anavuta. Alikuwa akiniigiza mpaka kukohoa kwangu. Mke wangu hakugomba. Alifunga mzigo, akambeba mtoto kwenda kwao Makuyuni. Akaniambia, "Ukiacha, tufuate. Usipoacha, mwache huyu mtoto akue."

Nilipanda Dindira na wivu wangu wote. Nikamkuta pacha wangu anachuma chai, nikamuuliza kwa nini yeye hanywi na damu yetu ni moja.

Akaweka kikapu chini. "Nani kakwambia sitaki? Nilionja dengelua, pombe ya miwa, mara moja, harusini. Wenzangu walikunywa wakaenda zao. Mimi nilizunguka nyumba za watu natafuta nyingine, mpaka wakanificha mitungi. Mama mdogo alipoona akaniambia, baba yako alianza hivyo hivyo. Tangu siku hiyo penye pombe hata kusalimia sipiti."

Nilikaa pale pale kwenye chai nikalia. Miaka yote nilidhani yeye alipewa damu safi. Kumbe kiu tunayo wote wawili. Yeye alipata mtu wa kumwambia mapema, na jioni alikuwa na mahali pengine pa kukaa.

Sikurudi kambini. Watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, nikaja kujiandikisha hapa Handeni. Nilimweleza balozi ukweli wote, akanipimia kiwanja katikati ya mwadhini na mama mlokole. Mnacheka, lakini mnawajua. Jioni mwili ukianza kutetemeka, huyu ananiita nipukuchue mahindi, nikimaliza yule anataka kuni. Sijawahi kufanya kazi nyingi hivyo bila kipande cha ujira. Mara moja nilitoroka hadi Segera nikalewa chakari. Walinifuata wote wawili, wakanirudisha, na njia nzima hawakunisema. Aibu ile ilinitosha mpaka leo.

Masika mawili baadaye nilikwenda Makuyuni nikiwa mzima. Mke wangu alininusa kwanza, kisha akanikaribisha ndani.

Nawashukuru majirani zangu wale wawili, na balozi, na pacha wangu. Mke wangu nitamshukuru nyumbani. Na neno langu ni hili: msiwafiche watoto maradhi ya ukoo kwa kuona haya. Damu huwezi kuihamisha, lakini mtu anahamishika. Mimi ni shahidi.

Binti yangu yumo humu, sasa ni mkubwa. Juzi nilimsimulia yote, ya babu yake, yangu na ya baba yake mdogo. Akauliza, "Baba, kiu hiyo na mimi ninayo?"

Nikamjibu, "Huenda unayo, mwanangu. Mimi hakuna aliyeniambia."