Mama Séphora Kavuo, Mwanafunzi wa Majani (1949–2003)

Wapendwa katika Bwana, dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Kyondo, tarehe 12 Aprili 1949, mtoto wa tatu wa baba Jacob na mama Sophie, wakulima wa maharagwe na viazi. Mama yao alikuwa akisema kwamba Kavuo alianza kuuliza “juu ya nini?”, yaani kwa nini, kabla hajajua kutembea vizuri.

Alisoma primaire, shule ya msingi, hapo Kyondo, kisha akajifunza kushona kwenye foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake, Butembo. Tarehe 8 Agosti 1970 alifunga ndoa na Ananie Mathe, mchuuzi wa mafuta ya mawese na shemasi wa kanisa letu. Wakajenga mtaa wa Vulamba, Butembo. Kwa miaka mingi watu walimjua kwa mashine yake ya kushona, na wengi mulio hapa mulivaa kazi ya mikono yake siku ya ubatizo.

Majani hakuyajua. Mwaka 2000 vita vilikuwa vikifunga barabara ya Beni mara kwa mara, na dawa zilizoshuka na ndege ndogo pale kwenye uwanja wa Rughenda hazikutosha watu. Ndipo Mama Débora, muuguzi mustaafu aliyekimbia kutoka Beni, akafungua masomo ya mimea ya dawa katika ukumbi wa mtaa. Séphora alijiandikisha akiwa na miaka hamsini na moja.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuleta mimea mitatu kutoka uani. Akaleta mitatu, kwa fahari. Mama Débora akaitazama, akacheka.

“Mama Séphora, hii yote ni mumea moja. Ni ile yenye mbegu zake zinashikaka ku nguo.”

“Moja? Lakini hii iko na maua, hii haina, na hii imekauka!”

“Huu ni mutoto, huu ni mama, huu ni koko, muzee kabisa.”

Darasa zima likacheka. Yeye hakuona haya. Aliuliza kama nguvu ya mmea ni ile ile utotoni na uzeeni, na swali hilo likala somo lote la siku ile.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. “Bibi ya shemasi kutembea na mizizi mu kitunga?” mume wake alimwambia. “Batu batasema ni bulozi, ni uchawi.”

“Basi kuja uone mwenyewe.”

Ananie alikuja kweli. Akasimama mlangoni bila kuvua kofia, akauliza, “Mama Débora, hapa munaombaka nani?”

“Hapa tunanawaka mikono, papa shemasi, kisha tunauliza maulizo. Kuomba, tunaombaka ku kanisa. Ingia, unazuia mwangaza.”

Aliingia. Juma lililofuata alikuwa akilima bustani ya darasa.

Mwezi wa Novemba 2001 binti yao Bénite alikimbia mapigano ya Oicha, akafika Vulamba na mtoto mchanga mwenye homa kali. Mchana ule mtoto akakakamaa, macho yakageuka. Majirani wakajaa uani. “Mama Séphora, dawa yako iko wapi? Mupatie!”

Alikuwa na majani makavu ya kila namna ndani ya nyumba. “Hapana,” akasema. “Hii inanipita. Tuende ku hospitali sasa hivi.”

Risasi zilikuwa zikisikika upande wa soko. Ananie akambeba mtoto, Séphora akachukua kitunga cha chakula na chai, wakatoka. Kwenye kizuizi askari alichomoa fungu la majani. “Mama, hii nini? Bangi?”

“Citronelle, papa, mchaichai, ya chai. Nusa mwenyewe.”

Askari akanusa, akamtazama mtoto. “Kende noki, mama!” akasema kwa Kilingala, yaani nenda haraka, akateremsha kamba wapite.

Yule mtoto ni Phinées, amekaa pale mbele na mama yake.

Mwishoni mwa mwaka 2002 Séphora alianza kuumwa upande wa ini. Mama Débora mwenyewe ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari alipomweleza kwamba ni uvimbe usiopona, Séphora alimwomba amchoree ini kwenye karatasi, akaonyesha kwa kidole: “Na hapa inafanyaka kazi gani?” Aliumwa kwa subira, lakini hakuficha woga wake, alipenda tumshike mkono. Alilala katika Bwana asubuhi ya Alhamisi, tarehe 5 Juni 2003, nyumbani kwake.

Ameacha mume, papa Ananie, watoto wanne, Bénite, Siméon, Emérence na Henri, wajukuu saba, ndugu yake Kasonia anayewasomea maneno haya, Mama Débora, na darasa lake.

Juma la mwisho alituletesha jani kutoka njia ya Rughenda, lenye manyoya chini na harufu kama ya limau. Hakulijua. Mama Débora pia hakulijua. Marehemu aliagiza tuulize siku ya mazishi, kwa sababu watu wa Lubero, Beni na Oicha watakuwa pamoja. Jani hilo liko mezani karibu na mlango. Anayejua jina lake, atuambie kabla ya kurudi nyumbani.

Bwana ampe dada yetu pumziko lenye amani.