Fundi Subiri na Zulia la Gari la Chanjo

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, fundi mkuu wa karakana yetu ya magari ya afya atatundika ovaroli yake kwa mara ya mwisho. Aliingia hapa akiwa mwosha vipuri, mikono imejaa mafuta ya taa. Anaondoka akiwa mtu ambaye dereva yeyote, gari likianza kukohoa, humuulizia kabla hata hajazima injini.

Jina la Fundi Subiri alilipata kwenye kifuniko cha rejeta. Maji yaliyochemka ndani ya injini yamebanwa, na yakipewa upenyo hurukia uso wa aliyefungua. Kwa hiyo kila mkono uliposogelea kifuniko cha gari lenye moto, alitamka neno hilo moja, na mkono ukarudi. Baadaye neno likahamia kwenye mambo mengine. Chai yake huiacha mpaka iwe ya baridi, ndipo ainywe kwa raha zote. Mkewe, ambaye sote tunamwita Shangazi, hudai kwamba hata posa ilichelewa kwa kuwa bwana alikuwa anangoja baba mkwe apoe. Tucheke tunavyocheka, tangu ashike ufundi mkuu hakuna aliyeungua uso katika karakana hii.

Amefundisha mafundi ambao leo wana karakana zao. Ndiye aliyechora ukutani umbo la kila spana, ili ikikosekana pengo lake lionekane kama jino lililong'oka. Hata hivyo, ukiwauliza wafanyakazi alitufanyia nini, wengi watakusimulia habari ya gari la chanjo.

Gari hilo lilikuwa linachemsha. Asubuhi dereva wake, tunayemwita Mjomba, hujaza maji ya rejeta hadi kwenye alama. Kabla ya jioni mshale wa joto umepanda na gari limesimama kando ya barabara, huku akina mama na watoto wakingoja kituoni. Lilipochemsha mara ya pili, msimamizi wa usafiri alimwambia Mjomba mbele ya wenzake kwamba bila shaka hajazi maji, anasema tu amejaza. Likichemsha tena, atakabidhi funguo na kwenda kulinda geti. Mjomba alikwenda kukaa kwenye benchi la nje, na siku hiyo hakutania mtu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Fundi alianza kama kawaida yake, injini ikiwa baridi. Alifunga pampu ya mkono yenye geji ya kupimia mgandamizo mahali pa kifuniko cha rejeta, akasukuma upepo ndani, akakaa kuutazama mshale. Mfumo ukiwa mzima, mshale hutulia. Huu ulishuka taratibu, kwa hiyo maji yalikuwa na njia ya kutokea. Lakini njia ipi? Chini ya gari palikuwa pakavu kabisa. Mipira aliipapasa yote, vibano akavikaza, pampu ya maji akaimulika kwa tochi. Hakuna hata jasho. Akashuku kwamba maji yanaingia ndani ya injini yenyewe, akaandaa spana za kuifungua. Hata yeye alikaribia kupotea hapo. Kilichomzuia ni kwamba dalili zake hazikuwepo: alipoiwasha, bomba la moshi halikutoa moshi mweupe, na mafuta ya injini hayakuwa na rangi ya maziwa. Akaziweka spana chini, akaagiza watu wote wanaosafiri na gari hilo waje wakae kwenye viti vyao kama siku ya kazi.

Hapa inafaa nieleze jambo moja. Muuguzi wa chanjo, tunayemwita Dada, huketi mbele, pembeni mwa dereva, na boksi la barafu la chanjo hukaa miguuni pake. Zulia la upande huo lilikuwa limelowa kwa wiki kadhaa, na sote tulijua sababu: barafu imeyeyuka, Dada hajafunga boksi vizuri. Alikuwa amekemewa na Mjomba kwa hilo zaidi ya mara moja. Hakuna aliyefikiri kwamba kosa la Dada na kosa la Mjomba yangeweza kuwa kitu kimoja.

Injini ikawashwa, hita ikafunguliwa, kioo cha mbele kikaingia ukungu. Fundi akauliza kama zulia limelowa tena. Dada alikuwa amechoka na maneno hayo.

"Fundi, boksi langu liko stoo. Leo sijabeba hata kipande cha barafu, na kiatu kimeshalowa."

Fundi akainama, akabonyeza zulia, akasugua vidole viwili, akavinusa. Dawa inayochanganywa na maji ya rejeta ina harufu tamutamu, na huteleza mkononi kama sabuni.

"Maji ya barafu hayatelezi hivi, Dada," alisema.

Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo ya hita, inayopitisha maji ya moto ya injini ili kupasha joto ndani ya gari, na hiyo ndiyo iliyotoboka. Ilikuwa inamwaga maji ndani ya gari, chini ya zulia, sisi tukiyatafuta nje. Kipuri hakikuwepo, kwa hiyo Fundi aliunganisha mipira miwili ili maji yaipite hita pembeni, akajaza upya, akauacha upepo wote utoke kwa mapovu kabla ya kufunga. Asubuhi gari likaenda kwenye chanjo na kurudi, mshale ukiwa katikati, abiria wakiwa wamevaa masweta. Kipuri kilipofika, dashibodi ilifunguliwa na kazi ikamalizwa.

Msimamizi wa usafiri naye alifanya uungwana. Alimwomba Mjomba radhi palepale alipomshutumu, mbele ya watu walewale. Dada alidai fidia yake kwa njia nyingine: tangu siku hiyo Mjomba ndiye anayebeba boksi la barafu. Nasi tukabaki na desturi mpya. Gari likivuja, kwanza tunawauliza wote wanaolipanda, hata anayeketi nyuma kabisa.

Desturi hiyo inabaki, Fundi, pamoja na mafundi uliowalea, na ndiyo maana hatuogopi kukuaga. Asante kwa kila uso uliouokoa na kila jina ulilolisafisha. Baada ya sherehe, Mjomba ameomba akurudishe nyumbani kwa gari lilelile, na Dada amekuachia kiti chake cha mbele. Keti bila wasiwasi, zulia ni kavu. Wewe na Shangazi tunawaombea afya njema, siku ndefu zisizo na haraka, na chai ya baridi kwa kadiri mtakavyopenda.