Mrija wa Karatasi na Mtamba wa Jirani Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Wakubwa zangu waliobaki, shikamooni. Ni wachache, naweza kuwahesabu kwa kuwatazama tu. Wadogo, salamu zenu nilizipokea mlangoni.

Mnanifahamu. Mimi ni yule bibi mwenye kibanda cha vinywaji hapa Iguguno, upande yanaposimama mabasi. Darasa sikulikanyaga. Maneno haya nilimtamkia mjukuu wangu wa kike, akayaandika, na sasa amekaa benchi la mbele na karatasi mkononi. Sikumwandikisha kwa kuogopa kusahau. Nilimwandikisha kwa sababu najijua: nikifika penye aibu, nitaruka. Nimempa amri kwamba nikiruka, asimame.

Wengi mlidhani nitashuhudia habari ya miguu yangu iliyopona. Nitazungumza habari ya mrija wa kunywea soda. Naona wengine mnatabasamu. Tabasamuni, kisha mnisikilize, maana mrija huo ulinifanya mwongo mbele yenu, ndani ya nyumba hii.

Kwa miaka mingi niliuza soda za chupa na juisi ya ukwaju, na kila mteja nilimpa mrija wa plastiki. Abiria haweki mdomo kwenye chupa asiyojua imepita wapi, hilo mnalielewa. Lakini mirija ile niliichukia. Kila jioni nilizunguka na ufagio na kapu nikiiokota mmoja mmoja, na kila Jumamosi niliichoma katika shimo nyuma ya kibanda. Moshi wake ulikuwa mzito, nao ulikwenda moja kwa moja kwa jirani yangu, mjane mwenzangu, ambaye tumepakana mashamba tangu tulipoolewa. Alikuwa akifunika maziwa yake kwa khanga na kuniambia kupitia uani, "Dada, leo tena unachoma ndala?" Mirija iliyonitoroka kwa upepo niliikuta shambani wakati wa kulima alizeti. Jembe liliifukua ikiwa nzima, imepauka rangi tu. Mingine ilikuwa ya rangi ambayo nilikwisha kuacha kuiuza zamani sana.

Mjukuu wangu huyu hufanya kazi katika jiko la hoteli moja huko Singida Mjini. Mwaka jana, mavuno yalipokwisha, alikuja likizo na boksi kubwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hicho ulichobeba ni nini?"

"Mirija ya karatasi. Hotelini tumeacha ya plastiki. Hii inaoza, bibi."

"Inaoza yenyewe?"

"Yenyewe."

Neno hilo, ndugu zangu, nililimeza bila kulitafuna. Mirija ilikuwa myeupe yenye mistari ya kijani, inapendeza, na kila mmoja ulikuwa ndani ya kijifuko chembamba cha nailoni ili usiingie vumbi. Kijifuko sikukitazama. Nilitazama mistari.

Nawaambieni, nilivimba. Siku ya kikao cha kina mama nilisimama mahali hapa nilipo, nikasema kwamba kila anayeuza kwa mrija wa plastiki anaiua ardhi aliyopewa na Mungu. Jina sikulitaja, kama ambavyo leo sitaji jina la mtu, lakini macho yangu niliyaelekeza kwa binti mmoja anayeuza vinywaji ng'ambo ya barabara, akiwa na mtoto mgongoni. Aliondoka kabla ya sala ya kufunga. Nami nikajiona nimeshinda.

Wateja hawakuipenda mirija hiyo. Dereva mmoja wa lori alininyooshea kipande kilicholowa kama ugali, akasema, "Bibi, mrija umekwisha na soda bado ipo. Sasa unaniongezea kipi?"

"Ongeza mwendo wa kunywa," nikamjibu.

Hata hivyo nilishikilia. Sasa sikilizeni nilipopotea. Kwa kuwa mrija ulikuwa unaoza wenyewe, nilifukia lile shimo. Ufagio nikautundika. Mteja aliponiuliza atupe wapi, nilimwambia, "Tupa hapo hapo, utaoza." Hayo niliyasema mimi, mwanamke niliyezaliwa Mkalama na kuviona viangazi vyake vyote tangu nipate akili. Sikujiuliza kitu kitaozaje katika miezi ambayo kinyesi cha ng'ombe hukauka kabla hakijapoa. Mirija ikalala juu ya ardhi kavu, ina utamu wa ukwaju ndani yake, na vijifuko vikiwa vimenata kando yake. Upepo wa mchana ukavichukua vyote ukavipeleka mashambani.

Desturi yetu mnaijua. Alizeti ikishavunwa na mahindi yakishaingia ndani, mpaka wa shamba unakufa. Mifugo ya kila mtu hula mabua ya kila mtu hadi mvua irudi, na hakuna anayeuliza. Jirani yangu alikuwa na mtamba mwekundu aliyezaliwa mikononi mwake. Mtamba huyo alikuwa ametajwa mbele ya wazee wa upande wa pili kuwa ndiye atakayetangulia katika mahari ya kijana wake wa mwisho. Alipenda kulala kivulini nyuma ya kibanda changu. Nilimwona akitafuna. Nilidhani anacheua.

Kiangazi kilipokolea, mtamba akaacha kula. Tumbo likamjaa upande mmoja, akawa anasimama ameinamisha kichwa. Bwana mifugo aliitwa, akaja, akampapasa, akatikisa kichwa. Siku ya tatu alikufa. Alipopasuliwa, nilikuwepo pamoja na majirani wengine. Tumboni lilitoka donge kubwa kuliko kibuyu cha maziwa. Bwana mifugo alilivuta kwa fimbo. Lilikuwa nailoni iliyojisokota kama kamba, na ndani yake vipande vya karatasi vilivyobanana, mistari yake ingali ya kijani. Akasema karatasi peke yake huenda ingepita; nailoni ndiyo iliyovikamata vyote vikawa jiwe.

Jirani yangu aliniangalia. Hakupaza sauti. "Dada," alisema, "mistari hii naiona kwako tu."

Mjukuu wangu ameanza kusimama. Kaa, siruki, nalisema.

Nilimjibu mbele ya watu wote: "Hiyo ni nailoni. Mimi nauza karatasi. Mwenye kuuza plastiki mnamjua." Na Jumapili iliyofuata, mlipokuwa mkimwombea jirani yangu, nilisimama tena hapa nikarudia maneno yale, tena kwa sauti ya kusikitika. Vichwa vikageuka kumtazama yule binti wa ng'ambo ya barabara. Tangu siku ile wengi wenu mliacha kununua kwake. Nilikuwa naona kutoka kibandani.

Tangu hapo sikutulia. Nilikaa kwenye kiti, nikainuka. Niliosha chupa zilizokwisha kuoshwa. Nilitoka kwenda shambani kuokota vijifuko juani, nikarudi na kapu nusu, nikatoka tena kwa kuwa nilihisi nimeacha kimoja. Hata hapa kanisani mliniona nikihama benchi wakati wa mahubiri, mkadhani ni miguu. Jirani yangu hakuniambia tena neno kupitia uani. Ndoa ya kijana wake ilisimama. Kijana huyo alipita mbele ya kibanda changu kila asubuhi akaniamkia, "Shikamoo, bibi," kwa adabu kamili, kama alivyofundishwa, na kila mara nilipomwitikia nilihisi nimeiba tena.

Nikaanza kutafuta mahali pa kujifichia. Nilijiambia kwamba nikithibitisha karatasi ni bora kuliko plastiki, basi sina kosa. Nikafanya mtihani wangu mwenyewe. Nilifukia mrija mmoja wa karatasi na mmoja wa plastiki pale ninapomwaga maji ya vyombo, kisha nikafukia miwili ya namna hiyo hiyo katika ardhi kavu ya shamba. Niliifukua baada ya majuma kadhaa. Penye unyevu, wa karatasi ulikuwa umegeuka tope, wa plastiki mzima. Penye ukavu, yote miwili ilikuwa mizima, ningeweza kuiosha na kumpa mteja. Jibu hilo halikunipendeza. Lilinipa nusu ya haki, na mimi nilitaka yote.

Nikapanda basi kwenda Singida Mjini kumkabili mjukuu wangu. Alinichukua tukatembea kando ya Ziwa Singidani, maana ndani nilishindwa kukaa.

"Wewe ndiye uliyesoma," nilimwambia. "Karatasi na plastiki, ipi bora?"

"Karatasi, bibi. Lakini..."

"Hilo 'lakini' mbona hukulileta ndani ya boksi?"

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Alinieleza kwamba karatasi hutokana na miti, hutengenezwa kwa maji mengi, na husafirishwa kutoka mbali. Kwamba mirija mingine hupakwa kitu ili isilowe upesi, na kitu hicho hakiozi kama karatasi yenyewe. Kwamba hata pale hotelini wakubwa zake hubishana juu ya jambo hilo. "Ya plastiki ikishapotea shambani inakaa miaka na miaka," alisema. "Ya karatasi ni afadhali. Ila hotelini kuna mtu wa kufagia kila saa, bibi. Nilidhani na wewe unafagia. Ulikuwa unafagia siku zote."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojiona. Niliketi juu ya mwamba mmoja ukingoni mwa maji. Nilipokuwa na mrija mbaya, nilikuwa mtu mwangalifu. Nilipopewa ulio afadhali, nikaacha uangalifu wangu wote, nikauachia mrija unifanyie kazi. Chupa ya soda niliifuata hadi ngazi ya basi, nikamshika abiria mkono, kwa sababu chupa ilikuwa yangu. Mrija nao ulitoka mkononi mwangu, lakini ukishatoka niliuhesabu kuwa wa upepo.

Nilirudi, na kesho yake nikamchukua mtamba wangu wa pekee, nikaenda kwa jirani pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Alikuwa anapepeta alizeti. Hakuacha kupepeta.

"Umekuja na ng'ombe au umekuja na maneno?" aliniuliza.

"Vyote viwili."

"Anza na maneno. Ng'ombe hana haraka."

Nikasema yote. Aliponyanyua kichwa alimtazama mtamba, akauliza, "Na huyu, amekula mirija mingapi?" Yule mzee alitaka kucheka akakohoa. Nami nilijibu kwamba sijui, maana kweli sikujua. Ndipo akaweka ungo chini.

"Dada, uliponiambia uongo, uliniambia peke yangu?"

"Hapana."

"Basi mtamba rudi naye. Siku utakapoyasema haya mahali ulipoyasemea yale, na yule binti akiwepo anasikia, nitampokea."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo hadi leo, na sistahili kulala.

Kibandani sasa nimebadilisha mambo. Juisi naitia katika glasi, nazisuuza kwa maji ya moto mteja akiona. Mdomo wa chupa naufuta kwa kitambaa kilichochemshwa. Mirija ya karatasi ninayo michache, nainunua isiyo na vijifuko, naiweka ndani ya kopo lenye kifuniko. Ni kwa ajili ya mzee mwenye mikono inayotetemeka, au mgonjwa asiyeweza kuinua glasi. Na mrija ukitoka lazima urudi mkononi mwangu, kisha unakwenda katika shimo lenye unyevu, chini ya maji ya vyombo. Nimezungushia shimo hilo miiba. Wengine wamenuna. Dereva yule wa lori anasema kwamba kwangu hata soda ina masharti. Ina masharti.

Kama unaniuliza ipi bora, nitakujibu kama nilivyoona kwa macho yangu. Wa karatasi ni afadhali kuliko wa plastiki, ukiupeleka penye unyevu na kuuweka mbali na mifugo. Ukiutupa, mtamba hatakuuliza ulikuwa wa aina gani. Na asiyeuhitaji aache yote miwili, anywe kwa mdomo aliopewa.

Ninawashukuru walionivuta kutoka shimoni. Mjukuu wangu, ambaye hakuniogopa nilipomkabili. Mzee wa kanisa aliyenisindikiza na hakunitetea. Bwana mifugo, aliyesema alichokiona bila kupunguza. Kijana wa jirani yangu, aliyeendelea kuniamkia. Na jirani yangu, ambaye alikataa ng'ombe wangu nilipotaka kumpa kwa siri. Funzo langu kwenu ni fupi: ukipata kitu kizuri kuliko cha jana, kilinde kama ulivyokuwa ukikilinda kile kibaya, na usimhubirie mwenzako kabla hujaangalia nyuma ya kibanda chako.

Sasa nasema nililokuja kulisema. Mtamba wa jirani yangu aliuawa na uchafu uliotoka kibandani kwangu. Haukutoka ng'ambo ya barabara. Wewe binti, nilikusingizia mara mbili, na mara ya pili ilikuwa hapa. Uliondoka kwenye kikao chetu kwa sababu yangu, na wateja wako walihama kwa sababu yangu. Mbele ya hawa wote, nisamehe. Na ninyi mlioacha kununua kwake kwa kunisikiliza mimi, leo mkitoka hapa piteni kwake kwanza. Kwangu nimefunga.

Mtamba wangu nimemfunga hapo nje penye uzio, mnamsikia. Jirani yangu, dada yangu, usipokee kamba yake kwa kunionea huruma. Ipokee ikiwa nimeyasema yote. Na kama kuna neno nimebakiza, liseme sasa hivi, ningali nimesimama.