Kabati Limepata pa Kulala

Asubuhi hiyo kijiwe kilipata anasa ambayo hakijawahi kuiota: kochi. Mshono, fundi cherehani, alikuwa ametolewa kwenye nyumba aliyopanga miaka na miaka. Mwenye nyumba kaiuza, na mnunuzi anataka kuivunja. Vitu vyake vyote vilikuwa kando ya barabara: kitanda, kochi, meza na viti vyake juu ya mkokoteni, na kabati la milango mitatu chini, pembeni yake. Benchi la mama muuza kahawa ni fupi na wajuaji ni wengi, basi wakaliteremsha kochi la watu wakalikalia, eti wamsaidie mwenzao kuamua. Mtaa wa pili kuna ghala linalohifadhi vyombo vya watu kwa malipo ya kila mwezi. Alipie, au auze vyote yaishe? Mshono alikaa katikati yao na kikombe kilichopoa, amechoka kama aliyevibeba vyote kichwani.

— Kesi ianze, alisema Hakimu, kinyozi ambaye hajawahi kumnyoa mtu bila kumhukumu. Mshtakiwa ni kabati.

— Kabati lina kosa gani? aliuliza Mshono.

— Kuwa kubwa.

— Mimi nasema alipie, alisema Profesa, ambaye cheo hicho alipewa na miwani yake. Wahenga walisema akiba haiozi.

— Mbao zinaoza, Profesa.

— Hizo ni mbao. Wahenga walisema akiba.

Spidi, dereva mstaafu ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati, alijipiga paja.

— Usithubutu! Wale wa ghalani wanaazimisha vitu vya watu. Utaalikwa harusi, umkute bibi harusi kajaa kwenye kochi lako, wewe umepewa kiti cha plastiki.

— Umeyaona wapi hayo?

— Mpaka nione? Lisemwalo lipo!

— Tena afadhali likaliwe, Profesa akadakia. Kochi lisilokaliwa husahau watu. Likikaa gizani mwaka mzima, siku ukilitoa linakurusha.

— Kama punda?

— Punda ana huruma.

Wakacheka. Macho ya Mshono yalikuwa kwenye kabati. Mlango wa katikati haufungi mpaka usukumwe kwa goti, na goti lenyewe ni la mkewe tu. Yeye kajaribu tangu waoane, kashindwa. Mkewe alikuwa kwa dada yake tangu jana. Mshono alijiambia kwamba huko atakaa mpaka mambo yatengemae, na yeye atajikunyata kwenye kibanda chake cha kushonea, chini ya cherehani.

— Uza, bwana, alisema Spidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Kitanda kikiwa ghalani, utainamia mvungu wa nani?

— Nyamazeni, nimepata, alisema Hakimu. Lipia ghala, halafu hamia humo humo! Paa lipo, mlinzi yupo, kitanda chako kipo. Ukisikia mkubwa wao anakuja, unajitia kabatini.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagikia kochi. Mshono hakucheka.

— Nimeshauliza, alisema.

— Umeuliza nini?

— Kulala humo. Nilipitia huko kabla sijaja hapa. Karani kaniambia, mzee, sisi tunapokea vyombo, hatupokei watu.

Profesa akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Hakimu akakohoa, maana hakimu lazima ahukumu.

— Basi, hukumu ni hii: lipia. Vyombo ni heshima ya mtu. Ukiviuza leo kwa bei ya kutupa, kesho ukipata nyumba utaanzia mkekani.

— Haya, alisema Mshono. Akamwashiria mwenye mkokoteni ajiandae. Alijisikia nafuu kidogo. Angalau jambo moja limeamuliwa.

Hapo ndipo mkewe alipotokea upande wa pili wa barabara, na begi lake mkononi.

— Shemeji, karibu! Hakimu alimpokea kwa furaha. Mambo tumeyamaliza. Kabati linakwenda ghalani, litalala pakavu kabisa.

Mwanamke alilitazama kabati. Akaona mlango wa katikati uko wazi, akausukuma kwa goti, ukafunga. Kisha akalitua begi.

— Dada kasema nyumba imejaa, alimwambia mumewe polepole. Mume wa dada hataki mtu wa kulala.

Akawageukia wote, bila hasira.

— Vyombo mmevipatia pa kulala, ahsanteni. Na sisi, jamani, tunalala wapi leo?

Hakimu akachungulia kikombe chake. Spidi alitafuta methali, haikuja. Mama muuza kahawa akainamisha birika, yakatoka mashapo matupu. Mmoja mmoja wakainuka kwenye kochi, wakabaki wamesimama kama wanaosubiri kuitwa.

Mshono alipangusa kahawa iliyomwagika kwa kiganja chake, akasogea, akampisha mkewe akae. Nafasi aliyokuwa nayo ya kumpa ilikuwa hiyo tu.