Ausma Vēvere, Mwenye Maneno Mia Nne na Kumi na Mawili

Ukoo wa Apsītis na wa Vēveris unawashukuru nyote mliofika makaburini hapa Rūjiena leo, Jumamosi tarehe 11 Machi 2023, katika baridi hii. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na Gundega, binti wa kaka yake marehemu. Marehemu mwenyewe aliagiza usomwe na mtu mwenye sauti na asiye na haya, na katika ukoo mzima hakutafutwa mwingine.

Ausma alizaliwa tarehe 9 Novemba 1950 katika shamba la Kalnapses, karibu na Mazsalaca, mtoto wa pili wa Augusts Apsītis na mkewe Hermīne. Alikuwa mtoto mpole, lakini upole wake ulikuwa na mpaka. Alipokuwa na miaka saba kijana wa jirani alichukua kigari chake cha kutelezea kwenye theluji akadai ni chake. Ausma hakulia wala hakupigana. Alikwenda akaketi kwenye ngazi ya nyumba ya kijana huyo tangu adhuhuri, akimweleza kila aliyeingia na kutoka amekaa pale kwa sababu gani, mpaka mama wa kijana akatoka na kigari mkononi na uso umemwiva. Kaka yake Ojārs anasema hapo ndipo familia ilipojua ina mtu wa namna gani.

Alimaliza sekondari Mazsalaca mwaka 1969, akaenda Riga kusomea Kiingereza chuo kikuu, akahitimu mwaka 1974. Zama zile, mipaka ikiwa imefungwa, walifundishwa Kiingereza kwa ajili ya watu ambao wasingeruhusiwa kukutana nao. Ausma alikisoma hivyohivyo, kwa bidii, kama mtu anayefuma soksi za mtoto asiyejulikana atazaliwa lini.

Tarehe 1 Septemba 1974 alianza kufundisha katika shule ya mji huu, na hakuhama mpaka alipostaafu mwezi Mei 2013. Nusu ya mliosimama hapa mlipita mikononi mwake, na nyuso zenu zinaonyesha kwamba bado mnamwogopa.

Tarehe 16 Agosti 1975 alifunga ndoa na Žanis Vēveris, dereva wa lori la maziwa, akawa Vēvere, kama wanawake wa ukoo huo wanavyoitwa. Žanis alimpata kwa subira. Kila asubuhi kwa miezi minane alisimamisha lori mbele ya shule akimwomba amfundishe neno moja la Kiingereza, na kila asubuhi alilisahau makusudi ili arudi kesho yake. Walijaliwa watoto wawili, Sarmīte na Aigars.

Nchi ilipopata tena uhuru wake, watu wazima walianza kugonga mlango wa Ausma jioni baada ya kazi: fundi, mkunga, mwanajeshi aliyeachishwa, wote wakitaka Kiingereza cha kuombea kazi. Vitabu vya shule vilijaa matrekta na mikutano ya chama. Hakikuwepo hata kimoja kilichomfundisha mtu kusema kwamba ana lengo, kwamba amepiga hatua, kwamba alianguka akainuka. Ndipo Ausma alipoanza kuandika kadi zake. Žanis alimletea kadi za kupokelea maziwa zilizobaki kiwandani. Upande mmoja zilikuwa na safu za lita na mafuta, na upande mtupu Ausma aliandika neno la Kiingereza, tafsiri yake ya Kilatvia, na sentensi moja ya mfano. Kazi hiyo ilimchukua miaka mitano. Alifikisha maneno mia nne na kumi na mawili, yote ya kufanikiwa, tangu jaribio la kwanza hadi kilele.

Alikuwa mkali sana juu ya tafsiri. Waingereza wana neno moja la mafanikio, lakini Walatvia, alisema, wanayo mawili: moja la yule aliyekimbiza kitu hadi akakishika, na jingine la yule aliyeangukiwa na bahati akiwa amekaa. Wanafunzi wake walikatwa alama kwa kuyachanganya. Mifano yote ilitoka nyumbani. Kwenye neno la kufikia lengo aliandika kwamba Ojārs alimaliza kupaka rangi nyumba ya kuogea kabla ya sikukuu ya Jāņi. Kwenye neno la ushindi uliopatikana kwa taabu aliandika kwamba ng'ombe wao Zīmaļa alizaa ndama usiku wa dhoruba, na wote wawili wakapona.

Vuli ya mwaka 1996 alikuja kutoka Riga mtaalamu wa mafunzo ya walimu, Bwana Tālivaldis Rungis. Alikula chakula mezani kwa Ausma, akazisifu kadi, akaomba kuliazima sanduku kwa wiki mbili. Alilirudisha mwezi Februari, limefungwa kamba mpya. Mwezi Septemba 1998 mwanafunzi wa darasa la kumi na moja aliinua mkono akasema, "Mwalimu, kwenye hiki kitabu kipya kuna ng'ombe mwenye jina la ng'ombe wenu." Ausma alikichukua akakisoma akiwa amesimama. Maneno mia nne na kumi na mawili. Ojārs na brashi yake alikuwemo. Mama yake Hermīne alikuwemo, akipata cheti cha kusoma na kuandika akiwa na miaka arobaini. Nyuma ya jalada alikuwepo Bwana Rungis pichani, anatabasamu. Dibaji ilitoa shukrani kwa walimu mbalimbali wa mikoani.

Familia imeambiwa na wengi kwamba mambo haya si ya kusemwa mazikoni. Yatasemwa wapi? Kitabu kile kimechapishwa mara tisa. Sarmīte alipokwenda Ayalandi kufungasha uyoga, alikikuta kwenye chumba cha wafanyakazi, na Walatvia wenzake wakamsifia mwandishi. Alitoka nje akalia. Mwandishi huyo alipewa nishani, akaalikwa redioni, akaulizwa siri ya mafanikio, naye akajibu bila kusita.

Wiki ileile kitabu kilipoonekana darasani, Ausma alipanda basi kwenda ofisini kwa mtu huyo, Riga. Bwana Rungis alimkaribisha kahawa, akamweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Bi Vēvere, haya ni maneno ya kamusi tu. Maneno hayana mwenyewe."

"Maneno hayana mwenyewe," Ausma alimjibu. "Ng'ombe anaye."

Wakili wa mji wa Valmiera alimwambia kesi ipo na kadi zipo. Ausma alikataa. Alimwambia Žanis kwamba mahakama ingempa karatasi, na karatasi anazo. "Mimi nataka aseme kwa mdomo wake, mbele za watu, maneno yale ni ya nani. Basi. Halafu aende zake."

"Na asiposema je?" Žanis alimuuliza.

"Basi nitamkalia kooni mpaka mmoja wetu afe."

Kwetu kila jina lina siku yake kwenye kalenda, na siku ya jina la mtu haina mialiko. Mwenye jina huoka mkate wa sherehe, hufungua mlango, na humpokea yeyote anayekuja. Hakuna mstaarabu anayemrudisha mgeni siku hiyo. Basi kuanzia mwaka 1999, kila kalenda ilipofika kwenye jina la Tālivaldis, Žanis alimpeleka mkewe kituo cha basi, naye alikwenda Riga mwendo wa saa tatu na maua sita. Sita. Aliye hai hupewa matano au saba. Idadi ya shufwa ni ya kaburini, na hakuna asiyejua. Mwaka wa kwanza mke wa Bwana Rungis aliyahesabu, akabadilika rangi, akachomoa moja. Ausma alitoa jingine mkobani akaliweka mahali pake. Kisha aliketi, akala kipande chake cha mkate, akausifu, na wageni walipotulia akauliza kwa sauti ya darasani, "Tālivaldis, Zīmaļa hajambo?"

Alikwenda mara ishirini na moja, hadi mwaka 2019, kabla ya janga kufunga milango. Miaka ya kwanza wageni walicheka, wakidhani ni utani wa zamani baina ya marafiki. Miaka ya kati waliacha kucheka. Miaka ya mwisho hawakuja wageni. Walikuwa watatu mezani na mkate mzima, na bado Bwana Rungis hakusema. Ojārs alipomshauri dada yake amwachie Mungu, alijibiwa kwamba Mungu ana kazi nyingi na yeye ni mstaafu.

Mwezi Oktoba 2022 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Alikataa kulazwa. Alirudi nyumbani, akaomba kitanda kiwekwe jikoni karibu na jiko la kuni, akaendelea kumsahihisha kila mtu. Mchungaji alipomuuliza kama amesamehe, alisema, "Mchungaji, msamaha ninao. Uko kabatini, umekunjwa vizuri. Mwenye haja nao aje auombe." Alifariki Ijumaa tarehe 3 Machi 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Žanis.

Ameacha mume, Žanis, watoto wawili, Sarmīte na Aigars, wajukuu watatu, kaka yake Ojārs, na wanafunzi aliowafundisha kwa miaka thelathini na tisa. Kadi zake zote zipo ukumbini tutakakokula baada ya maziko, mezani kando ya mbaazi za kijivu na nyama. Mnakaribishwa kuzisoma.

Jumatatu iliyopita Bwana Tālivaldis Rungis alipiga simu. Aliomba azungumze leo kwa niaba ya walimu wa Kiingereza wa nchi nzima. Gundega alitaka kumkatia simu, na maneno ya kumpa alikuwa nayo. Žanis alimzuia. Alikwenda chumbani akarudi na barua iliyoandikwa na Ausma mwezi Januari, isemayo hivi: "Atapiga simu. Mtu anayependa kusikilizwa hawezi kupitwa na mazishi. Msimkatalie. Mwekeni kwenye ratiba baada ya wasifu, si kabla."

Wosia umetekelezwa. Mzungumzaji anayefuata ameandikwa kwenye ratiba mliyoshika, na tunamwona pale kwenye mti wa tatu, amefika mapema. Bwana Rungis, pita mbele, watu watakupisha. Hakuna atakayekukatiza wala kukujibu. Kila mmoja wetu ana konzi zake tatu za mchanga za kumtupia marehemu, na hatutazitupa kabla hujamaliza kusema kilichokuwa kikingojewa. Tumevaa makoti mazito.

Ausma Vēvere apumzike kwa amani, akishasikia.