Joash Maroa Gisiri, Mpima Udongo Aliyemngoja Shemeji Yake

Wazee wetu, akina mama, jamaa na marafiki mliofika hapa Ntimaru, tunayemsindikiza leo ni mtoto wa boma hili, Joash Maroa Gisiri, aliyezaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Gisiri na mama Robi, ambaye tunamshukuru Mungu yuko nasi.

Alianza shule ya msingi hapa nyumbani mwaka 1957, akamaliza sekondari Kisii mwaka 1968, kisha akasomea ufundi wa ujenzi Nairobi, na Januari 1972 akaajiriwa serikalini kama mpima udongo, kazi ambayo wengi hawakuielewa, kwa maana walimwona tu akipigilia chuma ardhini kwa nyundo ya kilo kumi iliyoangushwa kutoka nusu mita, akihesabu mapigo kila chuma kilipozama sentimita kumi, na kwa hesabu hiyo akikadiria ardhi ingebeba jengo zito kiasi gani, na msingi uchimbwe hadi wapi.

Kazi hiyo ilimpeleka Homa Bay mwaka 1975, akampata Phelesia, mwalimu kijana aliyekubali kumwandikia mapigo daftarini, wakafunga ndoa tarehe 11 Desemba 1976, na waliouliza Mkuria na Mjaluo wataelewana kwa lugha gani walinyamazishwa na Levis, kakake Phelesia, aliyempenda Joash kama ndugu wa tumbo moja. Walijaliwa Mourine mwaka 1979, Javan 1983 na Dolphine 1987, wote wakalelewa Suna.

Februari 1994 Joash alitumwa kupima kiwanja cha bweni katika shule ya wasichana karibu na Homa Bay, alikosoma Mourine, na Levis ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wazazi. Udongo wenyewe ni ule mweusi wa mfinyanzi, jua lilikuwa limeukausha ukawa kama tofali, kila sentimita kumi zikahitaji mapigo kumi na mawili, kontrakta akafurahi, wazazi wakaanza kubeba mawe, lakini Joash akakataa kutia sahihi, akisema udongo huo hudanganya wakati wa kiangazi, sharti upimwe tena mvua ikinyesha.

Levis akamwambia mbele ya mkutano, "Shemeji, umeniaibisha kwangu."

Joash akajibu, "Heri aibu, kuliko kufukua watoto wetu kifusini."

Mwezi Mei, ardhi ikiwa imelowa, mapigo mawili yalitosha, na kwenye kona moja chuma kilizama kwa pigo moja, basi msingi ukachorwa upya, ukachimbwa hadi tabaka gumu, na wasichana wakalala madarasani mwaka mzima. Levis hakusema naye tena.

Joash hakujuta, lakini aliumia. Kila alipopata ruhusa ya kurudi Suna, kabla hata ya kuvua viatu, alimwuliza mkewe, "Levis hajasema kitu?" Na akiwa kazini Homa Bay alipita mbele ya lango la Levis kwa miguu, polepole, huenda akaitwa.

Mvua kubwa za mwisho wa 1997 zilipasua jiko la shule, lililojengwa bila kupimwa, ila bweni halikupata hata ufa. Wakati huo Joash alikuwa tayari anaugua figo, ugonjwa uliogunduliwa Oktoba 1996, na Julai mwaka huu alipolazwa Homa Bay, Phelesia alimtumia kakake habari, naye Levis akajibu kwamba atakuja, bado anatafuta la kusema. Joash akaomba kitanda chake kigeuzwe kielekee mlangoni.

Alituacha Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1998, akiwa na miaka arobaini na tisa. Levis alifika hospitalini Jumapili asubuhi, akakuta kitanda kimetandikwa shuka safi, akakaa juu yake akisema, "Nilikuwa nakuja, shemeji, nilikuwa nakuja," kisha akafuatana nasi hadi hapa Ntimaru, na tangu hapo hajaondoka katika boma hili, na kaburi hili amelichimba pamoja na vijana wetu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Suna waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake waliokuja na gari, na wasichana wa shule ile, ambao hawakualikwa na wamejaa pale nyuma.

Joash, umefanya kazi yako, pumzika. Sisi bado tutakuwa tunatazama njia.